Samaki Wamekufa Ghafla Tangini: Maswali na Majibu

Joto la kaskazi likishaingia huku kwetu Mtwara, maswali ninayopata huwa ya misiba. Mtu anaamka, anawasha taa, anakuta samaki wanaelea matumbo juu. Wengi wanaoniuliza wanakuwa wameshapita dukani na kununua dawa. Naomba tuzoee jambo moja: ugonjwa kwa kawaida huchukua mmoja leo, wawili keshokutwa. Samaki wakifa kundi zima usiku mmoja, chunguza maji kwanza. Ndiyo maana huwa nauliza: nani alitangulia kufa, ilikuwa saa ngapi, na ndani ya siku mbili zilizopita ulibadilisha nini?

*Shikamoo mwalimu. Nina tangi la lita 120 lenye mbuna 12 wa Ziwa Nyasa. Umeme ulikatika saa tano usiku ukarudi alfajiri. Asubuhi nimekuta 7 wamekufa, wote wale wakubwa. Wadogo wazima. Kuna mtu kawatilia sumu? (Shangani, Mtwara)*

Marahaba, na pole sana. Usimshuku mtu. Samaki wako wamekosa hewa. Pumzi ikipungua ndani ya maji, wakubwa ndio hutangulia, kwa sababu miili yao inadai oksijeni nyingi, na wadogo huponea pale juu, maji yanapogusana na hewa. Sumu mara nyingi huanza na wadogo. Kama hujawatupa, watazame: midomo iko wazi na vifuniko vya matamvua, yale wanayopumulia, vimetanuka.

Maji ya nyuzijoto 20 hushika takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30, hayashiki zaidi ya miligramu 7 na nusu, na wakati huohuo joto linawafanya samaki wapumue zaidi. Mbuna tena ni samaki wa miambani, mahali mawimbi yanapovunjika, wamezoea hewa tele.

Umeme ukikatika tena, chukua kopo, teka maji ya tangi, uyamimine yaleyale kutoka juu, urefu wa mkono, kwa dakika kadhaa, halafu rudia kila nusu saa. Inachosha usiku, lakini inaokoa. Usiwalishe mpaka umeme urudi. Ukipata pampu ya hewa ya betri, nunua.

Kuna hatari ya pili ambayo wengi hawaijui. Bakteria wanaosafisha maji wanaishi kwenye sponji ya chujio, nao wanahitaji hewa. Chujio likilala saa nyingi, wanakufa na maji ya ndani yanaoza. Umeme ukirudi, uozo wote unasukumwa tangini. Fungua chujio kwanza, mwaga maji yake, suuza sponji kwenye ndoo yenye maji ya tangi. Usitumie maji ya bomba. Mimi niliwahi kuisuuza bombani, klorini ikawamaliza bakteria, na ndani ya wiki moja amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, ikanichukulia samaki 9. Bado naikumbuka ile asubuhi.

*Mwalimu, nilikuwa naishi Newala, nafuga samaki wa dhahabu 5 kwa maji ya mvua ya bati, miaka miwili bila tatizo. Nimehamia Mtwara mjini. Niliwasafirisha kwenye ndoo yenye maji yao ya zamani, wakafika wazima. Nikajaza tangi maji safi ya kisima, nikamimina ndoo yote humo, samaki na maji. Kabla ya saa moja walikuwa wanazunguka kama vichaa, wakafa wote. Kisima kina sumu? (Mama wa watoto watatu, Mtwara)*

Pole sana mama. Miaka miwili si michache, hao walikuwa wa nyumbani. Sidhani kisima kina kosa. Maji yako ya zamani na maji ya kisima, kila moja peke yake yasingewaua haraka hivyo. Yamewaua yalipokutana.

Maji ya mvua karibu hayana chokaa kabisa. Tangi likikaa muda mrefu, uchafu wa samaki huyafanya kuwa na asidi, pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi) inashuka polepole, 6 au chini yake, na pakiwa hamna chokaa hakuna cha kuizuia. Katika asidi kiasi hicho bakteria wanazembea, kwa hiyo amonia inarundikana. Lakini haiwadhuru sana, kwa sababu humo inageuka kuwa amoniamu, ambayo ni pole. Samaki wa dhahabu ni wachafuzi wakubwa, na safari ya saa kadhaa ndani ya ndoo imeongeza zaidi.

Sasa visima vingi vya pwani vimechimbwa kwenye miamba ya matumbawe, maji yake yamejaa chokaa na pH yake iko juu. Ulipomimina ndoo, pH ilipanda kwa mkupuo. Kila inapopanda kwa 1, sehemu ya amonia iliyo kali huongezeka karibu mara 10. Kwenye pH 7 haifiki hata asilimia 1. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Toka 6 mpaka 8 ni karibu mara 100, na sumu hiyo ilikuwa ndani ya ndoo tangu Newala. Kuzunguka kama vichaa ni dalili yake, maana amonia inachoma matamvua na kuvuruga mishipa ya fahamu.

Kama ndoo ina masalia ya maji, hata kikombe, yapime pH na amonia, kisha upime ya kisima. Ukiona tofauti ya namba mbili, umepata jibu. Utakapohama tena, anza wiki mbili au tatu kabla: badilisha maji kidogokidogo, weka kipande cha tumbawe au kombe zilizooshwa vizuri ili pH ipande taratibu. Usiwalishe siku ya kuamkia safari. Ukifika, watoe kwa wavu, na maji ya ndoo yamwage mchangani.

*Kaka, jana jioni nilipuliza dawa ya mbu chumbani, madirisha nikafunga. Leo samaki wangu wadogo aina ya gapi wote wamekufa, lakini mimi nililifunika tangi kwa kanga. (Lindi mjini)*

Dada, kanga haikuweza kusaidia, kwa sababu pampu ya hewa ilikuwa inavuta hewa ya chumba na kuisukuma majini. Dawa nyingi za mbu zina pairethroidi, ambazo binadamu huzivumilia lakini samaki huuawa na kiasi kidogo mno. Siku nyingine zima pampu, funika tangi kwa nailoni, na chumba kikishapata hewa ndipo uwashe. Hilo tangi lioshe, na sponji itupe.

*Tulivua samaki wadogo wa rangi kwenye miamba ya Msimbati, tukawaweka na maji ya bahari yaleyale. Siku ya pili wote wamekufa. Kwa nini? (Vijana wa Mikindani)*

Ndugu zangu, maji ya bahari mliyoyachota hayakuwa na chujio lenye bakteria waliokomaa, kwa hiyo hakukuwa na wa kuondoa amonia, na kuwakomaza huchukua wiki 4 hadi 6. Tena Msimbati iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Waacheni palepale. Bamvua likitoka, vaeni viatu, kaeni kando ya kidimbwi mwatazame. Hakuna tangi linalofikia uzuri ule.

*Wakifa tena nifanye nini ili nijue chanzo, badala ya kubahatisha? (Masasi)*

Kabla ya kumwaga chochote, jaza chupa safi maji ya tangi mpaka juu, ifunike. Watu wengi hubadilisha maji kwanza, na ushahidi unaondoka nayo. Kisha mchukue aliyekufa karibuni, maana aliyelala majini usiku kucha hasemi kitu. Inua kifuniko cha matamvua kwa kijiti cha meno. Matamvua mazima ni mekundu kama damu mbichi. Yakiwa ya kahawia, rangi ya chai iliyokolea, shuku nitriti, sumu inayozaliwa bakteria wanapovunja amonia, kwa kuwa hugeuza damu ishindwe kubeba oksijeni. Yakiwa yamepauka na yana utelezi mwingi, shuku klorini. Vidoa vyeupe kama punje za chumvi mwilini ni vimelea, na hapo ndipo dawa ina kazi.

Ukitaka kumpeleka kwa afisa uvuvi wa halmashauri, mweke juu ya barafu ndani ya mfuko, asigande. Akiganda, nyama inapasuka na vimelea havionekani tena. Na umpeleke siku ileile.