Brut au Extra Dry kwenye mimosa?
Chukua Brut. Mimosa ni mvinyo wenye mapovu uliochanganywa na juisi ya machungwa, na Brut na Extra Dry ni viwango vya utamu wa mvinyo huo. Extra Dry inawachanganya wengi kwa jina lake, maana “dry” kwenye mvinyo ni usio na utamu, lakini ndiyo yenye sukari zaidi: gramu 12 hadi 17 kwa lita, wakati Brut haifiki hata 12. Vipimo hivyo ni vya sheria ya Umoja wa Ulaya, na neno lenyewe huandikwa kwenye lebo, kwa hiyo soma kabla hujalipa. Juisi ya machungwa ina utamu wake tayari. Ukiongezea na wa mvinyo unabaki na sharubati tu.

Shampeni ya Ufaransa usiichanganye, tafadhali. Ile ladha ya mkate uliookwa, inayotokana na mvinyo kukaa muda mrefu na hamira ndani ya chupa, inamezwa yote na juisi, na ndiyo uliyoilipia. Cava, mvinyo wenye mapovu wa Hispania, iliyoandikwa Brut inatosha kabisa, nayo huchachushwa mara ya pili chupani vilevile, ila kwa bei nafuu.

Bellini ni kinywaji kingine na habari nyingine: pichi nyeupe na Prosecco, mvinyo wenye mapovu wa Italia, kama ilivyoanzia Harry's Bar kule Venice. Hapo hata Extra Dry inafaa.