Maswali ya Wasomaji: Joto Ndani ya Kabini ya Boti ya Uvuvi

SWALI: Ndugu Mshauri, pokea salamu zangu. Mimi ni nahodha wa boti ya uvuvi ya faiba yenye urefu wa mita 9. Kabini yake imefungwa pande zote, ina vioo vikubwa mbele na ubavuni, na injini ya dizeli imekaa chini ya sakafu ya kabini hiyohiyo. Jua likiwa kali, ndani hapakaliki. Mabaharia wangu watatu huona heri wakae juani kwenye sitaha kuliko kukaa kivulini humo. Tumefunga feni mbili, lakini zinazungusha joto lilelile. Sasa nashauriwa ninunue kiyoyozi. Je, hilo ndilo suluhisho?

JIBU: Ndugu nahodha, kiyoyozi kina nafasi yake, lakini nafasi hiyo ni ya mwisho. Ukikifunga leo katika kabini uliyoieleza, kitashindana na jua na injini kwa wakati mmoja, nacho kitashindwa huku kikimaliza betri. Fanya kwanza kazi ya kulizuia joto lisiingie, kisha kazi ya kulitoa lililoingia, na baada ya hapo utajua kama mashine bado inahitajika.

Anza kwa kupima kwa mkono wako. Siku ya jua, saa sita mchana, weka kiganja kwenye dari, kisha kwenye ubao ulio chini ya kioo cha mbele, kisha sakafuni juu ya injini. Rudia usiku, injini ikiwa imefanya kazi kwa saa moja. Mahali ambapo mkono hauvumilii kukaa ndipo pa kuanzia, na mara nyingi wenye boti hushangaa kukuta kwamba adui mkubwa si injini waliyokuwa wakiilaumu, bali ni vioo. Jua kali linapopiga moja kwa moja huleta nguvu inayokaribia wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo hupenya kioo cha kawaida, ikatua kwenye viti, mbao na sakafu, ikageuka kuwa joto ambalo halipati tena njia rahisi ya kutoka.

Ndiyo maana pazia la ndani husaidia kidogo tu: linapolikinga jua, jua limekwisha kuvuka kioo, na pazia lenyewe hupata moto na kuipasha joto hewa ya kabini. Kivuli cha kweli ni kile kinachowekwa nje ya kioo. Shonea vioo vya ubavuni vifuniko vya turubai au vya wavu mzito wa kivuli, vyenye vishikizo imara, uvitumie mnapokuwa mmetia nanga au mnasubiri nyavu. Kioo cha mbele kifunikwe boti ikiwa imesimama tu, na kifuniko kitolewe kabla ya kung'oa nanga. Usikubali kubandika karatasi nyeusi kwenye vioo vya msukani, hata ukiambiwa zinapunguza joto kiasi gani, kwa sababu usiku zitakuficha taa za chombo kingine, na mgongano baharini ni msiba mkubwa kuliko jasho.

Paa nalo lipakwe rangi nyeupe, ikiwa bado halijapakwa, na lioshwe mara kwa mara, maana chumvi na uchafu huipunguzia rangi uwezo wa kurudisha mwanga. Bora zaidi ni kutandaza turubai la rangi nyepesi juu ya paa, likiinuliwa kiasi cha upana wa kiganja au zaidi, huku mbele na nyuma pakiachwa wazi ili upepo upite katikati; turubai lililolala juu ya paa hupitisha joto, lakini lililoinuliwa hulibeba jua lenyewe na upepo ukaliondoa joto. Upepo ukichafuka, likunjwe mapema. Kwa ndani, dari inaweza kuwekewa sponji ngumu ya kuzuia joto yenye unene wa milimita 25 au zaidi. Kuna jambo moja ambalo mafundi wengi hawalitaji: kila kilo unayoiweka juu ya paa huinua kitovu cha uzito wa boti na kupunguza uthabiti wake. Kwa boti ya mita 9 hilo si jambo la kupuuza, kwa hiyo chagua vitu vyepesi, na usigeuze paa kuwa stoo.

Kuhusu injini nitasema machache. Kagua mpira unaoziba ukingo wa mfuniko wa sakafu, kwa kuwa ukichakaa, hewa ya moto na harufu ya dizeli hupanda moja kwa moja. Chini ya mfuniko funga sufi ya madini yenye uso wa foili, isiyoshika moto; sponji ya kawaida ikilowa mafuta karibu na injini ni chanzo cha moto. Usizibe kamwe matundu yanayoipelekea injini hewa ili kulizuia joto, kwa sababu injini inaivuta hewa hiyo ili iweze kuchoma mafuta. Mkizima injini, chuma chake huendelea kutoa joto kwa muda mrefu, basi acheni feni ya kutoa hewa katika chumba cha injini iendelee kwa dakika kadhaa.

Sasa tuje kwenye hewa. Feni zako zinazungusha joto kwa sababu hewa haina pa kuingilia wala pa kutokea. Hewa ya moto hupanda, kwa hiyo tundu la kutokea liwe juu, karibu na dari, upande wa tezi (nyuma), na la kuingilia liwe chini zaidi, upande wa omo (mbele). Boti iliyotia nanga kwa kawaida huelekeza omo kwenye upepo, na hapo dirisha la mbele la paa likifunguliwa kuelekea mbele litauingiza upepo wote mnaouhitaji. Boti inayoelea bila nanga kwa kawaida hulala ubavu kwa upepo. Fungua basi dirisha dogo upande wa goshi (unakotoka upepo) na jingine kubwa zaidi upande wa demani (unakoelekea upepo). Bahari ikichafuka, milango na madirisha yote yafungwe sawasawa, hata kama mtatokwa jasho, kwa kuwa mlango wa kabini ulioachwa wazi ndio ambao mawimbi huingilia na kuzamisha chombo.

Feni nayo ielekezwe kwenye mwili wa mtu, si darini. Haipoozi hewa hata kidogo. Inachofanya ni kukausha jasho, na jasho linapokauka ndipo mwili hupoa. Hewa ikipita nyuzi 35, ambazo ni karibu na joto la ngozi, feni peke yake hupuliza joto mwilini, na hapo ni lazima ngozi au shati liloweshwe maji mara kwa mara.

Ukiyafanya haya na bado ukaona haja ya kiyoyozi, piga hesabu kabla ya kununua. Kiyoyozi kidogo cha wati 500 katika mfumo wa volti 12 hula karibu ampia 42. Betri ya risasi ya ampia-saa 100 (yaani inayoweza kutoa ampia 1 kwa saa 100), ambayo si vizuri kuitumia zaidi ya nusu, itakipa saa moja na dakika chache tu. Feni ya ampia 1 ingetembea kwa betri hiyohiyo saa 50. Maana yake ni kwamba kiyoyozi kitahitaji betri kubwa za lithiamu, au jenereta, au injini inayotembea wakati wote. Kikiwa ni kile kinachopoozwa kwa maji ya bahari, chujio la maji yanayoingia lisafishwe kila safari, kwa sababu mwani na takataka zikiliziba kitajizima.

SWALI: Ndugu Mshauri, je, tunaweza kuweka barafu ya samaki mbele ya feni ili kabini ipoe? Nimeona pia mashine zinazopooza hewa kwa kulowesha maji.

JIBU: Kilo 10 za barafu zikiyeyuka hufyonza joto linalotolewa na watu wanne waliokaa kimya kwa muda wa saa mbili na zaidi kidogo, na hapo hatujalihesabu jua wala injini. Faida ipo, lakini ni ndogo ukilinganisha na samaki watakaoharibika. Barafu ya samaki ibaki kwa samaki. Njia nzuri zaidi ni kugandisha maji ya kunywa kwenye chupa kabla ya safari: chupa moja iwekwe mbele ya feni au shingoni mwa mtu aliyechoka, na ikiyeyuka inywewe. Mashine za kulowesha hewa hufanya kazi vizuri mahali pakavu. Baharini hewa imekwisha kujaa unyevu, nazo zitauongeza tu na kulizuia jasho lisikauke.

SWALI: Ndugu Mshauri, mume wangu ni mvuvi. Siku za joto hurudi akiwa na maumivu ya kichwa na kichefuchefu, na anasema wenzake wawili huumwa vilevile. Kabini yao huachwa wazi mlango wa nyuma tu, na jenereta dogo la petroli hukaa kwenye sitaha ya nyuma. Je, ni jua tu?

JIBU: Dada msomaji, nimelisoma swali lako kwa wasiwasi, na ninaomba mumeo asomewe jibu hili kabla hajatoka tena. Joto kali huleta maumivu ya kichwa na kichefuchefu, lakini gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, huleta dalili hizohizo. Boti inapokwenda mbele, nyuma ya kabini hutokea mvuto wa hewa unaourudisha moshi wa injini na wa jenereta ndani kupitia mlango ule wa tezi. Watu watatu kuumwa pamoja, na hasa wakipata nafuu wanapotoka nje, ni dalili ya hatari. Jenereta hilo lizimwe mtu awapo kabini, dirisha la mbele lifunguliwe kila mlango wa nyuma unapokuwa wazi, mabomba ya moshi yakaguliwe, na kabini ifungwe kengele ya kutambua gesi hiyo. Akipatwa tena na dalili hizo, wote watoke nje mara moja na injini zizimwe ikiwa ni salama kufanya hivyo. Aende pia hospitali na aeleze wazi habari ya moshi, ili daktari asitibu jua peke yake.

Kuhusu joto lenyewe, anywe kikombe kimoja cha maji kila baada ya dakika 15 hadi 20 anapofanya kazi ngumu, bila kusubiri kiu, na asizidishe lita moja na nusu kwa saa. Ikiwa amekaa nchi kavu muda mrefu, apewe kazi nyepesi siku za mwanzo, kwa kuwa mwili huchukua wiki moja hadi mbili kulizoea joto. Baharia akianza kuongea ovyo, kuyumba au kuzimia, hicho ni kiharusi cha joto: apelekwe kivulini, avuliwe nguo nzito, amwagiwe maji mwili mzima na apepewe bila kukoma, huku mwenzake akiita msaada kwa redio ya VHF, chaneli ya 16. Kumpoza kuanze palepale, kusisubiri kufika pwani. Kama hana fahamu, asinyweshwe chochote. Alazwe ubavu ili asipaliwe.