Je, tufiche msimbo wa programu yetu ya bei za samaki?

Ndugu yangu wa Kisumu, umeuliza kama kikundi chenu kifiche msimbo (yaani maagizo yaliyoandikwa ya kuiendesha) wa programu ya kulinganisha bei za samaki kati ya Dunga na Usenge, fukwe za Ziwa Victoria, kwa kuwa, unavyosema, teknolojia hujiendea yenyewe na mwenye mtaji ndiye hufaidi. Sikubaliani nawe. M-Pesa ilijaribiwa mwaka 2005 kama njia ya kulipia mikopo midogo, lakini watu wakaanza kutumiana pesa, nayo ilipozinduliwa mwaka 2007 ikaufuata uchaguzi wao. Programu ya Ushahidi nayo, ya kukusanya taarifa za watu na kuzionyesha kwenye ramani, iliyozaliwa Kenya mwaka 2008 katika ghasia za baada ya uchaguzi, ilitolewa pamoja na msimbo wake, ndiyo maana mwaka 2010 iliweza kutumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi, mbali kabisa na shida iliyoizaa.

Basi ufungueni msimbo wenu, ila kwa leseni inayomlazimu anayeuboresha na kuusambaza auache wazi vilevile. Namba za simu za wachuuzi si msimbo, hizo zilindeni. Na kabla ya kuongeza chochote, waulizeni akina mama wanaouza samaki ufuoni wanataka kuona nini kwanza, bei au kiasi kilichovuliwa (mimi ningekisia bei, lakini wanaojua ni wao).