Ree na 6, kisha 9: kwa nini hukubasti (jibu refu la aliyekuwa dila)

Mkuu, nimesoma maelezo yako mara mbili. Una maswali mawili ya blakjeki (karata za kasino, ambapo unajitahidi kuikaribia 21 kumzidi dila bila kuivuka), na wachangiaji wa juu wameyachanganya. La kwanza: ulikuwa na ree (karata ya A) na 6, dila, yaani mgawa karata wa kasino, ana 5 mezani. Ukaomba karata, ikaja 9, kichwani ukapata 26, ukaona umebasti (umevuka 21, umeshapoteza), ukaanza kuinuka. Dila akakuambia kaa, una 16. Ukabaki na hizo 16, yeye akachomoa K kisha 8, ukalipwa, na hadi leo hujui umelipwa kwa nini. La pili: wiki iliyofuata ukapata 7, 7 na 7, ikatimia 21. Dila alikuwa na ree peke yake mezani, akachomoa K na kuzoa chipu zako (vile vibao vya kuchezea badala ya fedha). Unasema 21 kwa 21 ni sare, umeibiwa.

Hukuibiwa, na ile ya kwanza wala haikuwa huruma ya dila. Nimekaa upande wa pili wa meza miaka minne, kasino moja ya hapa Dar, zamu za usiku, blakjeki na ruleti. Mkanganyiko wako nimeuona kwa watu wenye digrii zao, na mimi mwenyewe ulinigharimu aibu nitakayokusimulia.

Thamani za karata ni jambo la dakika moja. Kuanzia 2 hadi 10 unasoma namba iliyoandikwa. J, Q na K kila moja ni 10. Ree ni 1 au 11. Iwe kopa, uru, pao au shupaza haina uzito wowote, na turufu hakuna.

Kinachosumbua wengi wetu ni mazoea ya kijiweni. Mimi nimekulia Tanga nikicheza wahedi wa sitini. Pale kwetu ree ilikuwa 11, saba 10, K 4, J 3, Q 2. Ukijumlisha pakiti nzima unapata 120, anayefikisha 61 ameshinda. Hesabu hizo ziliniingia kabla sijajua kuzidisha. Basi wiki ya kwanza ya mafunzo ya udila nikawekewa K na 7, nikaulizwa jumla. Nikajibu kumi na nne, kwa kujiamini kabisa. Darasa zima likacheka isipokuwa kijana mmoja wa Unguja, kwa sababu na yeye alikuwa amepata kumi na nne. (Ni 17.) Kwa hiyo kama ulijifunzia karata barazani, jua saba yako imeshushwa cheo na K yako imepandishwa.

Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja aliyewahi kuwa dila kwenye meli za kitalii. Hakutaka kabisa kusikia mtu anasema "ree ni moja au kumi na moja". Alikuwa anagonga meza: "Ree ni moja! Mpaka nikuambie vinginevyo." Njia yake ndiyo ninayotumia hadi leo. Kila ree mkononi mwako ihesabu 1, hata ziwe nne. Jumlisha zote. Ukipata 11 au pungufu, na mkononi kuna ree, ongeza 10. Ikizidi 11, iache ilivyo. Kwisha. Huhitaji kujiuliza ree ipi ni kubwa na ipi ndogo, kwa sababu ree mbili haziwezi zote kuwa 11. Hiyo tayari ni 22.

Sasa rudi kwenye mkono wako. Ree na 6: moja na sita ni 7, haijafika 11, weka 10 juu yake, una 17. Ikaja 9: moja, sita na tisa ni 16, imeshavuka 11, inabaki 16. Hiyo 26 haikuwahi kuwepo popote. Ulipoona 17 ukaigandisha, halafu ukaipachika 9 juu. Wengi hudhani ukishaihesabu ree kuwa 11 umeshachagua na huwezi kurudi nyuma. Hakuna kuchagua, na huhitaji kumtangazia dila chochote. Kila karata inapoingia, mkono unahesabiwa upya tangu mwanzo.

Na hapo ndipo nilipoangukia mimi. Mwezi wangu wa pili kazini, saa tisa usiku, kuna mzee mmoja mfanyabiashara wa mbao, mteja wa kila wiki, mtu wa maneno machache. Mezani kwangu nina 9. Yeye ana 2 na ree. Akagonga kitambaa kwa kidole, nikampa 4. Akagonga tena, ree. Nikahesabu kimoyomoyo, 18. Nikashangaa anagonga tena, mtu ana 18! Nikampa K. Kumi na nane na kumi, ishirini na nane, nikazoa karata na dau lake kwa mkono mmoja, na nilikuwa najivunia mkono wangu mwepesi. Mzee hakupandisha sauti. Akaweka kidole pale ambapo karata zake zilikuwa na kusema, "Kijana, kulikuwa na ree mbili hapa."

Msimamizi akaja. Hapa nikupe siri moja ya kazi: dila haokoti karata ovyo ovyo. Tunaziokota kwa mpangilio ili kukitokea ubishi mkono uweze kurudishwa mezani ulivyokuwa. Zikarudishwa moja moja: 2, ree, 4, ree, K. Mbili, moja, nne, moja, ni 8; na kumi ni 18. Chipu zake zikarudi. Nikachomoa yangu, ikaja 8, nina 17, nikamlipa. Nilitamani meza inimeze. Baadaye nikaelewa hata kile kilichonishangaza: mzee kugonga akiwa na 18 haukuwa wazimu. Dila akiwa na 9 mezani, 18 yenye ree ni mkono wa kuongezwa karata.

Nikisema "18 yenye ree" namaanisha ree ambayo bado inahesabiwa 11. Mkono huo tunauita laini. Ree ikishabanwa kuwa 1, au kama haipo kabisa, mkono ni mgumu. Huu ndio moyo wa jibu langu, mkuu: jumla peke yake haikuambii una nini. Una 17, sawa, lakini laini au ngumu? Ukiwa na 10 na 7, karata yoyote kuanzia 5 kwenda juu inakubastisha, yaani aina 9 kati ya 13 zilizomo kwenye pakiti. Ukiwa na ree na 6, hakuna karata hata moja inayoweza kukubastisha. Maandishi ni yale yale, 17, lakini unashika vitu viwili tofauti.

Ndiyo maana kuongeza kwenye ree na 6 ulifanya sawa, hata kama hukujua. Utaniuliza, mbona ilishuka hadi 16? Angalia 17 inakupa nini. Dila analazimika kuchomoa mpaka afikishe angalau 17. Kwa hiyo akisimama (akiacha kuchomoa) bila kubasti, ana 17 au zaidi. Wewe na 17 yako huwezi kumshinda dila aliyesimama. Cha juu kabisa ni sare akiwa na 17 naye. Ushindi wako wote unategemea yeye abasti. Na 16 hali kadhalika. Na 12 hali kadhalika! Tofauti ya 17 na 12, ukishasimama, ni ile sare tu. Kushuka kutoka 17 laini hakukuumizi sana, wakati ree, 2, 3 au 4 zingekupandisha hadi 18, 19, 20 au 21, na zile zenye thamani ya 10 zingekuacha pale pale kwenye 17.

Ukabaki na 16 ngumu mbele ya 5 ya dila. Hapo napo ulipatia. 16 ngumu ukiongeza, kuanzia 6 hadi K zote zinakubastisha: aina 8 kati ya 13, kama mara 62 kwa 100. Dila mwenye 5 naye anabasti zaidi kidogo ya mara 4 katika 10, kwa hiyo unamwachia yeye ahangaike. Alihangaika: 5 na K ni 15, na 8 ni 23. Ulilipwa kwa haki kabisa.

Haya ya lini uongeze na lini usimame si hekima za madila. Yalikokotolewa na wanajeshi wanne wa Marekani kwenye kambi ya Aberdeen, Maryland, kwa mashine za kujumlishia za mezani, wakayachapisha mwaka 1956 kwenye jarida la wanatakwimu. Mwalimu wetu alipenda kututajia hilo kila tulipomletea "mimi nahisi".

Sasa saba tatu zako. Hapa naelewa uchungu wako, maana 7-7-7 inapendeza machoni. Lakini blakjeki ni jina la mkono mmoja tu: ree na karata yenye thamani ya 10, kwenye karata mbili za kwanza. Mkono huo unaishinda 21 nyingine yoyote. Yako ilikuwa 21 ya karata tatu, ya dila ilikuwa blakjeki. Kilichofanya ionekane kama kiini macho ni utaratibu wa meza nyingi za kwetu: dila anaanza na karata moja tu, ya pili anaichomoa baada ya wachezaji wote kumaliza. Kwa hiyo wewe ulishashangilia, ndipo K ikatoka. Ingekuwa meza ambayo dila ana karata ya pili imefunikwa na kuichungulia mapema, angeifunua hapo hapo, wala usingefika kwenye saba ya tatu. Na ukiwa na blakjeki naye anayo, hiyo ndiyo sare.

Jambo jingine linalozua ugomvi: ukigawanya ree mbili (ukizitenganisha ziwe mikono miwili), juu ya mojawapo ikaja K, hiyo inahesabiwa 21 ya kawaida, siyo blakjeki. Nimeshawahi kutukaniwa mama kwa hilo.

Blakjeki inakuja karibu mara moja kila mikono 21, kwa hiyo tazama meza inailipaje kabla hujaketi. Imeandikwa kwenye kitambaa. 3 kwa 2 maana yake dau la 10,000 linaleta 15,000. 6 kwa 5 maana yake linaleta 12,000. Watu wanaiona 6 kwa 5 wanadhani ni kubwa kwa kuwa namba ni kubwa. Meza ya 6 kwa 5 ipite tu. Soma pia kama dila anasimama kwenye 17 zote au anaongeza akiwa na 17 laini. Akiongeza ni hasara kwako, kwa sababu ile ile niliyokueleza ya ree na 6.

Bima usinunue. Dila akiwa na ree watakuuliza kama unaitaka: ni dau la pembeni kwamba ana blakjeki. Inalipa 2 kwa 1, kwa hiyo ili usile hasara, karata za kumi zingetakiwa zifike theluthi ya pakiti, nazo ni 16 kati ya 52. Hazifiki.

Kuna mchangiaji amesema ukishajua kuhesabu hivi "unawapiga". Hapana. Dila anabasti takriban mara 28 katika 100, lakini wewe unacheza kwanza. Ukibasti, dau lako limeshazolewa, hata kama yeye naye atabasti dakika moja baadaye. Faida ya nyumba, yaani kasino, inatoka hapo, na kujua jumla ya mkono wako hakuiondoi.

Ulichouliza mwishoni, namna ya kuzoea haraka: chukua pakiti, toa 10, J, Q na K zote, zilizobaki fungua moja moja huku ukitaja jumla kwa sauti mpaka ubasti, kisha anza upya. Bila zile za kumi mikono inakuwa mirefu na ree zinakuja nyingi, ndizo unazozihitaji. Mimi pakiti nilikuwa sina muda nayo, nilifanyia mazoezi kwenye foleni ya Mandela kwa namba za magari, 1 nikiihesabu kama ree. T 164, moja sita nne ni 11, ongeza kumi, 21. T 181, 10, ongeza, 20. Hadi leo sijaweza kuacha. Jana jioni mbele ya daladala yetu kulikuwa na T 169, nikakukumbuka.