Kabla hujailaumu sensa ya AC

Wadogo zangu mnaoanza ufundi wa AC za magari, gari likija halipoozi msikimbilie spana. Nilipokuwa mgeni gereji nilibadilisha sensa ya presha (inayoiambia kompyuta ya gari presha ya gesi ya AC) kwenye gari la mteja, nikaweka mpya kabisa, na AC ikagoma vilevile. Kumbe gesi ilikuwa imevuja karibu yote. Sensa ilikuwa inasema kweli, na kompyuta ya gari iliizuia kompresa (pampu inayoisukuma gesi) isiwake, maana mafuta yake husafiri pamoja na gesi. Gesi ikiisha, kompresa inasagika. Ile spea niliilipa mimi.

Siku hizi naanza na geji ya presha, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Kwa gesi ya R-134a, kwenye joto la nyuzi 30, presha iliyotulia huwa karibu psi 97 pande zote mbili. (Haikwambii gesi imejaa kiasi gani, inakwambia tu kwamba ipo.) Halafu nachomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, naangalia sensa inasoma presha ngapi. Zikikubaliana, iacheni sensa, tafuteni kwingine. Zikipishana sana, bado msiihukumu: chomoeni plagi mpime nyaya. Nyingi zina nyaya tatu: volti 5, hasi, na ya kurudisha ishara. Volti 5 isipofika kwenye plagi, ugonjwa uko kwenye waya, na mara nyingi aliyeukata ni panya. Ukikuta nyaya mbili tu, huenda hiyo ni swichi, na kipimo chake ni kingine.

Kuifungua sensa sasa. Iko kwenye bomba la presha kubwa, mara nyingi karibu na kondensa (rejeta ya AC, mbele ya gari). Nyingi zimekaa juu ya kivalvu kama cha tairi, kinachojifunga sensa ikitoka. Nyingi, si zote! Mimi niliamini zote, gesi ikanirukia, vidole vikaungua kwa baridi. Usipokuwa na uhakika na modeli hiyo, vuta gesi yote kwa mashine ya kunyonya gesi kwanza. Miwani na glavu ni lazima hata ukiwa na uhakika.

Tumia spana mbili, moja ishike kitako sensa inapokaa, kwa sababu bomba la alumini hupinda upesi. Oringi (mpira wa duara wa kuziba) iwe mpya, ipakwe mafuta ya kompresa, si grisi. Kaza kwa kiasi. Kama gesi ilitolewa, vuta hewa na unyevu kwa pampu, kisha jaza kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha boneti, si kwa kukisia. Paka povu la sabuni shingoni mwa sensa, subiri, na linganisha tena geji na mashine ya kusoma kompyuta kabla hujamwita mteja.