Mkuu, hicho kijia cha kwenye matete si cha wavuvi

Achana kwanza na darubini. Umeandika kwamba Oktoba hii utaingia kwenye matete ya Ghuba ya Mwanza saa kumi na moja alfajiri kuangalia ndege, na kwamba "kuna kijia kizuri wavuvi wamekitengeneza". Nimefika hapo nikaweka chai chini. Kijia hicho nimekipita mimi.

Kikague mchana: mifereji miwili sambamba, katikati tuta la nyasi. Mvuvi gani anatembea hivyo? Huyo ni kiboko, miguu yake imetanuka. Usiku anapanda kula majani, alfajiri anarudi majini kwa njia ileile, saa ileile tunayoiita saa ya ndege.

Mimi nilidanganywa na kijana wa mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, aliyejiita mwongoza wageni. Alikula elfu ishirini yangu akiapa viboko walishahama. Nimechuchumaa, namtazama mdiria kasimama hewani juu ya maji, mabawa yanapiga, mdomo umeelekea chini, mara nyuma yangu kitu kikapumua kama tairi la fuso linalotolewa upepo. Ziwa mbele, yeye nyuma, mimi katikati nimemzibia njia ya nyumbani. Mwongozaji? Alishafika barabarani, tena na ndala zangu! Nikajirusha pembeni kwenye mafunjo nikidhani ni ardhi. Ni zulia linaloelea, mkuu. Nilizama hadi kifuani. Akapita, niliona mgongo tu, na tope likanijaa mdomoni. Kamera ya shemeji imebaki humo, nimeilipa miezi minane, na hadi leo kwenye sherehe za ukoo naitwa Mamba. Kichocho nacho nilikipata, nikameza vidonge lundo kwa mkupuo mmoja.

Dume huvuka kilo 1,500, na nchi kavu anakimbia hata kilomita 30 kwa saa. Wewe una kitambi, umesema mwenyewe.

Kwa hiyo: usikanyage kijia hicho kabla ya saa mbili asubuhi, na saa yoyote ile usikae kati ya kiboko na maji. Ndege hawakimbii. Saa tatu furukombe bado analia juu ya mti, na mbayuwayu waliotoka Ulaya wapo hadi Machi. Ukishindwa kusubiri nenda kisiwa cha Saanane, ni hifadhi ya taifa tangu 2013, boti ni dakika chache tu kutoka mjini.

Yule kijana bado yupo pale mwaloni. Siku hizi anavaa kofia ya askari wa wanyamapori, sijui kaitoa wapi.

Uliuliza nini tena? Mbu? Wapo.