Maswali ya Wasomaji: Mashetani wa "Max Payne" Walikwenda Wapi?

SWALI: Assalamu alaykum, Ndugu Mhariri. Kijana wangu aliniletea kwenye flashi picha ya Kimarekani iitwayo Max Payne, akanisifia kwamba ina mapigano na mashetani wenye mabawa. Niliitazama mpaka mwisho, na macho yangu yalishiba, kwani theluji, giza na risasi vimepigwa kwa ustadi mkubwa. Lakini asubuhi yake barazani nilipoulizwa inahusu nini, nilishindwa kuihadithia. Wenzangu walinicheka, wakaniambia picha ya mapigano haitaki hadithi, inataka stelingi na adui tu. Je, kosa ni langu au ni la picha? Na wale mashetani walikwenda wapi?
Msomaji, Wete, Pemba.

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Kosa si lako, na swali lako la pili ndilo linalojibu la kwanza, kwa hiyo nitaanza na mashetani.

Filamu hiyo ilitoka mwaka 2008, ikaongozwa na John Moore. Stelingi wake ni Mark Wahlberg, askari mpelelezi wa New York ambaye mke wake na mtoto wake mchanga waliuliwa nyumbani, naye anamtafuta aliyefanya hivyo. Wale viumbe wenye mabawa hawapo. Wanaonekana tu na watu waliotumia dawa iitwayo Valkyr, ambayo kampuni moja ndani ya hadithi iliitengeneza ili kuwapa wanajeshi ujasiri vitani, ikaishia kuwavuruga akili wengi wao. Wazo lenyewe si baya hata kidogo. Lakini sisi tuliolelewa Pemba, tuliosikia habari za mashetani kabla hatujajua kusoma, kile kivuli cha mabawa kinapopita dirishani hukaa vizuri kwenye mkeka tukingojea, kwa sababu tunajua kuwa shetani hatokei bure: ana mtu anayemtaka, ana anachokidai, na ana namna yake ya kuondoshwa. Shetani wa filamu hii hana hata kimoja. Anapita, cheche zinaruka, mtu anaporomoka kutoka juu, kisha bwana mmoja wa kampuni anaketi ofisini na kutueleza kwa mdomo kwamba yote yale yalikuwa dawa. Picha ilituahidi jambo moja, maelezo yakatupa jingine, na wewe ukabaki katikati ukiuliza walikwenda wapi.

Sasa niseme juu ya zile risasi zinazokwenda taratibu. Filamu ya kawaida huonyeshwa kwa picha 24 katika kila sekunde. Zipo kamera zinazoweza kupiga picha 1,000 kwa sekunde, na picha hizo zikionyeshwa kwa mwendo ule wa kawaida, sekunde moja ya tukio hurefuka ikapata takriban sekunde 42. Stelingi anajitupa chali huku akifyatua bunduki kwa adui aliye nyuma yake, nasi tunapewa nafasi ya kuona kila kitu. Nafasi hiyo ni ya nini? Filamu imetokana na mchezo wa kompyuta uliotengenezwa Finland na kutolewa mwaka 2001, na katika mchezo ule kupunguza mwendo kulikuwa na kazi: mchezaji mwenyewe ndiye aliyebonyeza, akapata muda wa kulenga, na asipolenga vizuri alikufa. Sisi tulioketi mbele ya televisheni hatulengi chochote. Chombo kimetolewa mahali pake pa kazi kikatundikwa ukutani kama pambo.

Kuhusu adui, atakayependa kuitazama filamu bila kuharibiwa utamu na airuke aya hii. Adui mwenyewe ni mzee aliyewahi kufanya kazi pamoja na baba yake stelingi, mtu anayemjali na kumfariji mbele za watu. Usaliti wa namna hiyo ungetosha kubeba filamu nzima, lakini mzee huyu tunaonyeshwa kidogo mno kabla ya kugeuka, kiasi kwamba anapogeuka hatupotezi mtu tuliyempenda.

Kuhusu wenzako wa barazani, naomba uwaulize walijifunzia wapi maneno hayo, maana si hapa Visiwani. Wazee wetu waliokwenda kwenye majumba ya sinema ya mjini Unguja, Majestic pale Vuga na Cine Afrique pale Malindi, walitazama filamu za Kihindi wakiwa wengi wao hawajui Kihindi, na wakirudi nyumbani waliwahadithia waliobaki, tangu mama alipotenganishwa na wanawe mpaka ndugu wawili walipotambuana, bila kusahau nani alikuwa amevaa nini. Hawakuyaelewa maneno, ila picha zenyewe zilikuwa zimebeba hadithi, na mtu akishindwa kuihadithia aliambiwa kuwa alilala. Hata filamu za mapigano za leo zinaweza kufanya hivyo. Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015, ambayo sehemu kubwa ilipigwa katika jangwa la Namibia, ina maneno machache sana na kwa kweli ni mbio za magari za kwenda na kurudi, lakini zima sauti kabisa, nawe utajua nani ameyazuia maji, nani amemkimbia, na kwa nini gari lile kubwa haliwezi kusimama. Ilipata tuzo sita za Oscar, mojawapo ikiwa ya uhariri wa picha. Waonyesheni hiyo, kisha asubuhi yake mmoja wao aihadithie.

SWALI: Ndugu Mhariri, naweza kuitazama Max Payne pamoja na watoto? Mkubwa ana miaka 10.
Mama wa watoto watatu, Unguja.

JIBU: Hapana, Mama. Huko Marekani iliwekwa katika daraja linalowatahadharisha sana wazazi wenye watoto walio chini ya miaka 13, na mauaji ya mama na mtoto wake mchanga yanarudiwa katika kumbukumbu za stelingi. Tena wale wenye mabawa, ingawa mimi nimewalalamikia kwamba hawana kazi, kwa mtoto wa miaka 10 watakuwa nayo usiku utakapoingia na taa zikazimwa.